Injini Niliyoirefusha kwa Msumeno

Kanamkemer, Lodwar
Jumapili jioni, Septemba 2013

Wakio mwanangu,

Uko hapo nje unacheka na majirani waliokuja kukuaga, na mimi nimejifungia chumbani kwako nikisingizia kwamba nakunja nguo. Nguo nilishakunja tangu mchana. Nimeketi kwenye ukingo wa kitanda, karatasi nimeiweka juu ya sanduku lako, naandika haraka kabla hujaja kuulizia taulo.

Mambo ya taulo, chandarua, na kutolala na simu mkononi ndani ya basi nimeyasema, nikayarudia, na baba yako akaanza kunihesabia kwa vidole. Hapa siyaandiki. Nataka kukusimulia habari ya ile injini ya treni. Utasema unaijua. Unaijua nusu. Nusu nyingine ilitokea Kakuma wewe ukiwa hupo, na nimekaa nayo tangu Aprili kwa sababu nilikuwa naona haya.

Nianzie Januari. Ulikuwa umemaliza kidato cha nne, unangoja matokeo, unazunguka nyumbani kama mtu aliyepoteza kitu na hakumbuki ni kitu gani. Ofisi ikanituma Kakuma wiki nzima kupima mahali barabara inapovuka laga, ule mto wa msimu, nikaona afadhali twende wote. Mimi nilikuwa juani na kamba na rula zangu tangu asubuhi. Wewe ukaingia kambini kutafuta pa kuchaji simu, na huko ukakutana na Achol.

Achol nilimjua kwa uso tu. Mwanamke mrefu wa Sudan Kusini, mwenye kibanda cha kuchaji simu kwa sola na kutengeneza redio, anayechechemea kidogo akitembea. Nilipokuja kukutafuta jioni ya kwanza, nilikukuta umeketi juu ya jerikeni, na mbele yako kuna boksi lililochanika pembe zote. Ndani yake mlikuwa na treni ya kuchezea: injini ya dizeli ya kijani, mabehewa mawili, na vipande vya reli vya kutengeneza duara. Ilikuja ndani ya mzigo wa mitumba, na hakuna aliyeitaka. Kwenye boksi waliandika kwamba ni seti ya mtu anayeanza.

Achol alichukua waya mbili, akaziunganisha kwenye betri ya gari, na injini ikaondoka mbio juu ya meza yake ya bati kana kwamba imechelewa kazini. Nilikutazama uso. Sikuwa nimeuona uso huo tangu ukiwa darasa la nne.

Mlishakubaliana kabla sijafika. Yeye anakupa treni, wewe unamchorea kibao cha duka. Siku tatu ulichora, na siku ya tatu ukaniita nije nione. Herufi nyekundu kwenye ubao mweupe: ACHOL REDIO NA CHAJI. Mimi nikasimama mbele ya kibao hicho, watu wamejaa, Achol anatabasamu, na neno la kwanza kunitoka kinywani lilikuwa kwamba neno CHAJI limebanwa, kwamba ungepiga mistari ya penseli kwanza, ugawe nafasi sawasawa. Ulisema, "Ni kweli, mama." Ukaanza kusafisha brashi.

Ulisafisha brashi ile muda mrefu sana. Naiona sasa. Siku ile sikuiona.

Tukarudi Lodwar na boksi letu. Unakumbuka jioni ile tulipoitandika reli kwenye meza ya chakula, baba yako akahamia na sahani yake kwenye kochi. Ilizunguka vizuri sana. Ningeiacha izunguke. Lakini kwenye boksi walikuwa wameandika kipimo, moja kwa themanini na saba, yaani kila sentimita ya treni ile ni sentimita themanini na saba za treni ya kweli. Ukimwonyesha mchoraji wa ofisi ya barabara namba kama hiyo, umempa kazi. Nikatoa rula.

Aina ya injini yenyewe iliandikwa ubavuni, kwa hiyo kesho yake nikapita saiba pale mjini, nikakodi kompyuta, nikatafuta vipimo vya ile ya kweli, huko Ulaya inakotembea. Ilikuwa na urefu wa mita kumi na nane. Kwa kipimo cha boksi, yetu ilipaswa kuwa milimita mia mbili na saba. Ilikuwa mia moja na sitini. Walikuwa wameimeza mita nne nzima, madirisha na yote.

Baada ya hapo sikushikika. Mlango wa dereva ulikuwa milimita kumi na sita, kwa hiyo dereva angeingia kazini kwa magoti. Vyuma vya kushikilia vya pembeni vilikuwa vinene kama paipu za maji taka. Hakuna mkono wa binadamu ambao ungevizunguka. Ile ndoano ya kuvutia mabehewa ingekuwa na ukubwa wa ng'ombe. Na ule ukingo wa gurudumu unaoizuia treni isitoke relini, ambao kwenye treni ya kweli ni karibu upana wa vidole viwili, kwenye yetu ungekuwa zaidi ya upana wa kiganja. Niliandika orodha. Makosa kumi na saba. Nikakusomea kwenye kiamsha kinywa, nikicheka mwenyewe, nikidhani nakuburudisha.

Ulinisikiliza mpaka mwisho. Kisha ukauliza, "Lakini inatembea, ama?"

Nikakujibu kwamba kutembea hata mbuzi anatembea.

Sasa nikuambie kwa nini ilinishika hivyo, kwa sababu hukuwahi kuniuliza na mimi sikuwahi kusema. Babu yako aliendesha treni kutoka Voi miaka ishirini na sita. Nilikua nikiisikia injini yake kabla sijamsikia yeye. Alipofariki, nilibaki na picha moja, amesimama kando ya injini na mkono juu ya chuma cha ngazi. Ile ya kijani ilipoingia nyumbani kwetu, huku Turkana ambako hakuna hata futi moja ya reli, nilitaka iwe ya kweli. Haikuwa hata ya aina yake. Lakini ukiwa na hamu ya mtu, huwi na akili nyingi.

Kwa hiyo Februari, ulipoenda Voi kumwona bibi yako kwa wiki mbili, nilifanya jambo bila kukuomba ruhusa. Niliikata injini yako.

Niliikata katikati kwa msumeno wa chuma. Nikachukua plastiki ya rula zilizovunjika ofisini, nikaunga milimita arobaini na saba, ndani ya kiwiliwili na kwenye sakafu yake pia, na waya nikazirefusha. Kuna kile kigari kidogo cha magurudumu kinachozunguka chini ya injini, wao wanakiita bogi. Kiko mbele na nyuma. Cha mbele kina mota, nikaogopa kukigusa. Cha nyuma nikakisogeza hadi mahali panapotakiwa kwa vipimo, na magurudumu yake nikayasugua kwa tupa mpaka ule ukingo ukawa mwembamba kama wa kweli. Nikatengeneza ngazi nyembamba za waya, nikazibandika mahali pake hasa. Nikachonga mlango upya, sasa dereva angeingia amesimama. Kila nikitoka kazini nilikuwa mezani na tupa, nikiimba. Baba yako alisema hajanisikia nikiimba tangu tuhamie huku.

Ulirudi siku ya Alhamisi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Sikukuacha hata unawe. Nikakuonyesha injini kando ya picha niliyochapisha saiba, na zilikuwa sawa, Wakio. Kwa macho zilikuwa sawa kabisa. Uliigeuza mkononi, ukapitisha kidole mahali nilipounga. Tukaiweka relini.

Ilienda vizuri kwenye sehemu iliyonyooka. Ilipofika kwenye kona, ikaanguka.

Tukairudisha. Ikaanguka. Tukapunguza mwendo, ikaanguka polepole. Bogi la nyuma lilijaribu kugeuka likagonga zile ngazi zangu nzuri, likakwama, na magurudumu niliyoyasugua yakapanda juu ya reli yakatoka, kwa kuwa hayakuwa na kitu cha kuyashikilia. Nadhani tulijaribu mara kumi. Baba yako, kutoka kwenye kochi, akasema, "Mama Wakio, umeitibu mpaka imekufa." Tukacheka sote watatu, na mimi nikadhani tumeyamaliza kwa kicheko.

Wewe ukaipangusa kwa kitambaa, ukairudisha ndani ya boksi, ukasema, "Asante, mama. Ni nzuri." Ukaenda kuoga. Reli hukuitandika tena, wiki hiyo wala mwezi huo. Boksi likapanda juu ya kabati.

Kama ungelia ama ungenikasirikia, ningejua la kufanya. "Ni nzuri" ile haikunitoka akilini. Nilikuwa nimeisikia mahali. Baadaye nikakumbuka: ndivyo ninavyomwambia bosi wangu akinirudishia mchoro amebadilisha kila kitu.

Hiyo ndiyo nusu unayoijua. Hii ndiyo nusu yangu.

Aprili mvua zilipokuja, laga ya upande wa Kakuma ilibeba saruji yote, nikatumwa kwenda kuangalia. Niliichukua ile injini bila kukuambia, na behewa moja na vipande vya reli, nikavifunga kwenye leso ndani ya begi la kazi. Nilitaka Achol aitengeneze kimya kimya, niirudishe kabatini ionekane kama haijawahi kutoka. Hilo nalo ni kosa, nalihesabu.

Alinisalimu kwa ejok, kama kila mtu huku, na kunipa kiti. Nikafungua leso. Aliitazama injini muda, akaipindua tumbo juu.

"Mama Wakio, nani amekata hii?"

Nikasema ni mimi. Akauliza kwa nini. Nikamweleza yote, mita kumi na nane, kipimo cha boksi, mlango wa dereva, na nilivyokuwa nikieleza nilisikia sauti yangu mwenyewe ikipungua. Achol hakucheka. Aliinua pindo la sketi yake kidogo, akagonga mguu wa kushoto kwa bisibisi. Ulilia kama plastiki. Nilikuwa nimemwona akichechemea na sikuwahi kujua sababu.

"Hii mguu ni fupi," akasema. "Ile ingine ni refu. Mara ya kwanza mimi nikaona, nikakasirika. Nikauliza fundi, wewe hujui kupima? Yeye akasema, mama, nimepima. Kama ni sawasawa, kidole yake itakwaruza mchanga, wewe utaanguka. Nimepunguza kidogo ndio upite."

Akashusha pindo. Akaweka kipande cha reli ya kona juu ya meza, akakipitishia kidole.

"Na hii njia," akaniuliza, "wewe ulipima?"

Sikuwa nimeipima, mwanangu. Miaka kumi na tisa nachora barabara, kila siku kazi yangu ni kona, na kwenye treni yako nilipima kila kitu isipokuwa kona. Niliipima pale pale mezani pake. Tangu katikati ya duara hadi relini ilikuwa milimita mia tatu na sabini na kitu. Ikikuzwa mara themanini na saba inakuwa mita thelathini na mbili. Hakuna treni ya kweli ya mita kumi na nane inayokata kona ya hivyo. Ni kama kutaka kuigeuza ndani ya uwanja wa shule. Waliotengeneza seti ile walijua. Mtu anayeanza hana ukumbi, ana meza ya chakula. Kwa hiyo kuna mtu mahali fulani aliketi akaamua apunguze mita nne, aache bogi nafasi ya kuzunguka, anenepeshe ukingo wa gurudumu ili hata reli iliyotandikwa vibaya isiitupe. Na vyuma vile vinene nadhani ni ili visivunjike mkononi mwa mtoto. Nilikuwa nimemwita mtu huyo mjinga mara kumi na saba, kwenye kiamsha kinywa.

Nilikuwa bado naandika hesabu hizo wakati Achol aliposema, kana kwamba ni jambo ninalolijua, kwamba wewe pia uliutazama mguu ule siku mbili. Ulimwomba auvue, akauvua. Uliuliza unafungwaje, unamuumiza wapi, nani aliutengeneza. Ulimwambia unataka kusomea kazi hiyo.

Nikamuuliza, "Kazi gani?"

Ndipo akajua kwamba sijui. Aliwasha bisibisi ya umeme, akaizima, akatafuta kitu kingine cha kushika. Kisha akasema ukweli wote, maana si mtu wa kuzunguka. "Mimi nikamwambia, ambia mama yako. Yeye akasema, nitamwambia ikiwa imeisha kabisa. Sababu mama anaona makosa kwanza."

Nilitoka nje nikasimama kwenye kivuli cha kibanda. Kilio kilinijia kikarudi. Pale juu kilikuwa kibao chako, miezi mitatu ya jua na bado ni chekundu. Mzee mmoja alikuwa anakuja kutoka mbali na redio chini ya kwapa, ameinua macho, anasoma, na anakuja moja kwa moja. Neno CHAJI limebanwa, ndiyo. Alilisoma.

Niliporudi ndani tulifanya kazi. Achol alisema nikate mwenyewe, kwa kuwa nilikata mwenyewe mara ya kwanza. Nikatoa milimita zangu arobaini na saba, nikang'oa ngazi. Magurudumu niliyoyasugua hayakuweza kurudi. Alichukua ya lile behewa akayaingiza kwenye bogi la nyuma, yakaingia kwa kulazimishwa kidogo. Ndiyo sababu treni yako ina behewa moja. Lile jingine nililiacha kwake, anaweka skrubu ndani. Tuliunganisha waya kwenye betri, na injini ikachukua kona ya kwanza, na ya pili, Achol akaniangalia. Nilimpa mkono kwa mikono yote miwili.

Njiani kurudi maji ya laga yalitusimamisha. Tulikaa kando ya gari saa nne nzima tukingoja yashuke, dereva amelala, mbuzi wamesimama ng'ambo kama abiria. Nikamkumbuka babu yako.

Nikiwa na miaka minane hivi nilimchorea injini yake. Niliona fahari sana. Aliipokea, akaitazama, akasema ataenda nayo kazini. Siku ya mazishi yake, mwenzake aliyekuwa akiendesha naye akaniambia kwamba mchoro ule ulikaa umebandikwa karibu na kiti cha dereva mpaka karatasi ikawa rangi ya chai. Akaniambia pia kwamba niliweka magurudumu manne upande mmoja, na injini ilikuwa na sita. Yeye alimtania mzee: hii ni injini gani ya magurudumu manne? Na babu yako alimjibu, "Ni ile ninayopewa nikifika nyumbani."

Alikuwa akiyapitia yale sita kila siku kwa nyundo kabla ya kuondoka. Alijua kabla sijamaliza kumkabidhi karatasi. Na mimi niliyetendewa hivyo nilikuwa sijakutendea wewe hata mara moja. Kando ya laga ile nilijaribu kukumbuka kitu kimoja tu ulichoniletea nikakipokea kilivyo, na nikarudi nyuma mpaka ukiwa mtoto wa miaka mitatu, umeniletea jiwe.

Jumamosi uliporudi kutoka mazoezi ya kwaya uliikuta inazunguka mezani. Uliweka kidevu juu ya meza ukaifuata kwa macho mizunguko mitano au sita. Ukasema, "Imerudi kuwa fupi." Nikasema imerudi. Ukauliza ule mstari mweupe unaoizunguka tumboni ni wa nini, nikasema ni gundi, niliikata mara ya pili. Ukasema, "Sasa inakaa kama imefanyiwa opareshoni," na ukacheka, na kicheko hicho kilikuwa chenyewe.

Hapo ndipo ningekuuliza habari ya miguu ya bandia. Nilikuwa na maswali thelathini. Nikayameza yote, nikapika chapati. Baba yako alinikuta jikoni akauliza kama ninaumwa.

Ilichukua wiki mbili. Jioni moja mwezi wa tano ulikuja ukaweka fomu ya chuo mbele yangu, ukabaki umesimama, mkono mmoja ungali juu ya karatasi. Utengenezaji wa viungo bandia, Nairobi, miaka mitatu. Nilitarajia uandike uchoraji ama uhandisi, nakiri. Nikakuambia uketi unieleze. Uliongea karibu saa nzima. Uliniambia kuhusu ngozi inavyochubuka kwenye ukingo wa mguu wa bandia wakati wa joto la huku, na mama mmoja wa Kalokol uliyemwona sokoni amefunga wake kwa mpira wa baiskeli, na kwamba mafundi wote wako mbali. Sikuwahi kukusikia ukiongea muda mrefu hivyo bila kuniangalia usoni kupima ninachofikiri. Nikajifunza mengi zaidi kuhusu binti yangu katika saa moja kuliko katika kidato cha nne chote.

Lakini nitasema na hili, tucheke. Wakati unaongea, jicho langu lilikuwa limeshashuka kwenye fomu. Namba ya kozi ilikuwa na kosa. Tarakimu moja. Kwa namba ile ungepelekwa kusomea kutengeneza viatu na mikoba. Na mimi nikanyamaza, nikasema moyoni, leo sitaharibu. Nililala na tarakimu ile. Niliamka nayo. Nikaenda nayo kazini, nikachora barabara ya Lokichar na nikaiona kwenye kila kona. Nilikuwa nimegundua kwamba kunyamaza nako kunaweza kumharibia mtu, nami sikujua njia ya tatu.

Jioni nikakuuliza, "Nimeona kitu kimoja kwenye fomu yako. Nikuambie, ama utaangalia mwenyewe?"

Ukasema, "Kimoja tu?"

"Kimoja."

Ulichukua fomu ukaenda nayo mlangoni penye mwanga. Ulirudi baada ya dakika kumi. Ulikuwa umeona ile namba, na ukaona mengine mawili ambayo mimi, na macho yangu haya ya kazi, sikuyaona kabisa. Tulicheka mpaka baba yako akazima redio.

Hilo ndilo nililolipata, Wakio, na limenichukua miaka kumi na minane na injini moja: kuuliza kwanza. Usidhani nimeacha kupima. Wewe mwenyewe umenieleza kwamba mguu ukikosewa kidogo tu pale unapokaa, mtu anapata kidonda. Pima, tena pima vizuri kuliko mimi. Nasema tu kwamba kabla sijakuambia kitu chako ni kifupi, ilinipasa niulize unakipitisha wapi. Mara nyingi sikuuliza. Kibao, insha zako, yule rafiki yako wa kidato cha pili niliyesema anaongea sana. Naomba radhi kwa hayo, na kwa mengine uliyonificha yakaisha bila mimi kujua.

Sasa nakusikia unauliza taulo. Nafunga.

Kesho kwenye stendi nitakuwa mchangamfu, nakuonya mapema, na huenda nikashika kola ya shati lako. Nivumilie. Ukishafika Nairobi, usiwe unapiga simu kusema tu kwamba kila kitu ni shwari. Siku moja utatengeneza mguu wako wa kwanza na utauharibu. Niandikie kuhusu huo. Niambie ulikosea wapi na ulijisikiaje, nami nitasoma mpaka mwisho. Ule utakaosimama vizuri nitausikia baadaye. Wa kwanza nataka huo.

Mama yako anayekupenda,
Mama